Senene Anajifunza Kutembea

Kiseke, Mwanza
11 Januari 2026

Mpendwa dada Jovitha,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo juu yake, maana sijui novisi anasalimiwa kwa ipi kati ya hizo mbili. Sisi hapa wazima. Baba kikohozi kimemwacha. Mama amefuma vitambaa vipya vya sebule nzima, vya maua ya njano, na sasa hata king'amuzi kina nguo yake. Kitanda chako bado kimetandikwa. Kila Jumamosi Mama anabadilisha shuka kana kwamba kesho unashuka melini.

Kilichonikalisha niandike ni hiki: nimemtoa yule roboti wetu Senene kwenye boksi.

Tangu uende utawani hakuna aliyemgusa. Nilimpangusa vumbi, nikambadilishia betri, nikamuunganisha na kompyuta yako ya zamani, na programu uliyomwandikia bado ilikuwemo. Akaamka, dada! Miguu yote minne ikanyooka, vimota vyake vikaanza ile sauti ya mbu, akasimama juu ya meza ya sebuleni. Nikamwamuru atembee. Akainua mguu wa nyuma wa kulia, akaanguka ubavu. Nikamsimamisha, akaanguka tena. Baba alishusha gazeti akasema, "Senene wa kwetu Bukoba hunyofolewa miguu ndipo akaangwe. Huyu wenu mmembandikia miguu, na bado haliwi wala hatembei."

Ila safari hii si mchezo. Ile klabu ya roboti ya Mwalimu Machibya, pale Kirumba, imetangaza mashindano ya roboti wenye miguu, tarehe 28 Machi. Ni ubao mrefu wa plaiwudi wenye mwinuko katikati, na roboti atembee mwenyewe mwanzo hadi mwisho bila kuguswa. Atakayeshinda ataajiriwa kuwafundisha wasichana wa sekondari mwaka mzima. Kazi ya mkataba! Unajua nimekaa nyumbani na diploma yangu ya umeme mpaka majirani wamechoka kuuliza. Na Baba amekwisha kuamua. Shangazi Suzana anatafuta mtu wa kuuza dukani kwake Geita, misumari na saruji, na baada ya Pasaka mtu huyo ni mimi. Nilimwomba anivumilie mpaka mashindano. Alifikiri, akasema, "Kidude kikitembea, utabaki. Kisipotembea, daraja la Kigongo la kwenda Geita lile pale, siku hizi hata feri hungoji."

Sitaki kwenda Geita, dada. Misumari haijanikosea chochote, ila nikienda nitazeekea pale pale, najijua.

Wewe ndiye ulikuwa unaandika programu. Mimi nilikuwa namulika tochi na kushika bisibisi. Niambie kwa nini anaanguka. Na uniambie pia kama huwa unamkumbuka.

Mdogo wako,
Nice


Nyumba ya Malezi, Bukoba
1 Februari 2026

Mpendwa Nice,

Milele amina, na marahaba. Nimekulipa zote mbili. Barua tunaandika Jumapili ya kwanza ya mwezi tu, ndiyo maana umengoja. Mimi ni mzima na nimenenepa. Kengele ya chakula ikilia sijawahi kuwa wa pili. Nimepewa bustani ya kabichi, na mpaka sasa wanaoifaidi ni konokono. Msalimie Baba, nimefurahi kwamba kikohozi kimekwisha. Mwambie Mama kitanda kile awe analaza wageni.

Sasa Senene. Anaanguka kwa sababu programu inamwambia ainue mguu kwanza, na uzito utajijua. Hakuna kiumbe anayetembea hivyo. Hapa tuna Sista Odeta, mzee sana, na kwenye maandamano ya kwenda kanisani mimi hupangwa nyuma yake. Nimemwangalia mwaka mzima. Hainui mguu mpaka awe ameuhama. Kwanza anaegemea upande wa pili, taratibu, mpaka mguu anaotaka kuuinua hauna kazi tena. Ndipo anauinua, na wala hayumbi.

Mfanye Senene hivyo hivyo. Kabla ya kuinua mguu wa nyuma wa kulia, mwili wote uegemee mbele na kushoto, uzito ukae katikati ya miguu mitatu iliyobaki chini. Halafu inua. Halafu peleka mbele. Halafu weka. Kila mguu una upande wake wa kuegemea. Ichore yote minne kwenye karatasi kabla hujagusa kompyuta.

Swali lako la pili nitalijibu siku nyingine.

Angalia kalenda. Kwaresima inaanza tarehe 18, na kuanzia hapo barua za manovisi zinafungiwa kabatini mpaka Pasaka. Ukitaka kuniuliza jambo, wahi.

Dada yako,
Jovitha


Kiseke
15 Februari 2026

Dada wa mimi, shikamoo!

ANATEMBEA!

Samahani, nimeanza kabla ya habari za nyumbani. Wote wazima. Mama anakusalimia, kuhusu kitanda alinisikia, akaenda kuchambua mchele. Baba anakusalimia.

Nilichora ile michoro, nikaandika kuegemea kwa kila mguu. Mwanzo alikuwa anayumba akiinua juu sana, basi nikapunguza kuinua mpaka akatulia. Jana mchana alivuka meza yote, kutoka upande wa Baba mpaka upande wa Mama, na kile kitambaa cha maua ya njano chini yake kama bwana harusi. Nilipiga kelele, Gladness wa jirani akaja mbio akidhani tumepata msiba. Baba alimtazama Senene mpaka mwisho wa meza, akasema, "Haya." Unamjua Baba. "Haya" yake ni hotuba.

Wiki ijayo nampeleka klabuni kumjaribu kwenye ubao wenyewe. Barua hii nampa Gladness, anasafiri kwa meli ya leo, ili ikufikie kabla ya Jumatano ya Majivu. Geita watauziana misumari wenyewe!

Nice


Kiseke
8 Machi 2026

Dada Jovitha,

Shikamoo. Gladness alirudi kutoka Bukoba akaniambia barua yangu aliifikisha siku ya Alhamisi, majivu yakiwa yamekwisha kupakwa. Kwa hiyo iko kabatini, na hii itaifuata. Najua husomi. Nakuandikia hivyo hivyo kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Tu wazima. Mvua zimeanza.

Dada, nimeaibika. Nilimweka Senene kwenye ubao wa klabu, watu wote wamesimama, Mwalimu Machibya amekunja mikono. Akaegemea vizuri, akapeleka mguu, akaegemea, akapeleka mguu, na hakwenda popote. Alikuwa anakanyaga pale pale kama askari gwaridani. Baadaye akaanza kurudi nyuma. Kuna mwanachuo mmoja pale, Nestory, ana roboti wa miguu sita anayekimbia kama mende aliyewashiwa taa. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilimfunga Senene kwenye mfuko nikatoka, nikalia nikiwa nyuma ya uwanja wa mpira, wapita njia wananiangalia.

Nyumbani nilimweka mezani, akatembea. Nikamrudisha klabuni, akakanyaga pale pale. Nikakata mpira wa tairi la baiskeli nikambandikia nyayoni ili asiteleze; sasa klabuni anajikwaa na kuanguka kifudifudi. Nimebadilisha namba mpaka sijui tena ipi ilikuwa ya kwanza. Nimeongeza kasi, nimepunguza kasi. Meza ya nyumbani inampenda na dunia nzima iliyobaki inamkataa.

Shangazi Suzana ametuma ujumbe kwamba chumba changu Geita kimepakwa rangi.

Wewe ungejua. Hilo ndilo linaloniudhi, dada, kwamba ungeangalia mara moja tu ungejua, na umekaa huko na kabichi. Nina hasira na wewe na nina hasira na hilo kabati. Baada ya Pasaka ukisoma hapa usinijibu kwa upole.

Nice


Kiseke
29 Machi 2026, Jumapili ya Matawi

Mpendwa dada Jovitha,

Tumsifu Yesu Kristo, shikamoo, wote wazima, Baba mzima, Mama mzima, mimi mzima kuliko wote. Tumeshinda! Ngoja nikupe kwa mpangilio, maana nimeisimulia habari hii tangu jana na kila mara naanzia katikati.

Siku moja baada ya ile barua ya hasira, Mama alikusanya vitambaa vyote vya sebuleni akavifua. Meza ikabaki tupu. Mimi nilikuwa nimekwisha kumbandua mpira wa tairi; bila kufikiri nikamweka Senene pale pale anapopapenda, na kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu akakanyaga bila kwenda. Nikasimama kama nimemwagiwa maji. Nikaenda kambani, nikachomoa kitambaa kibichi, nikakitandika: akatembea. Nikakiondoa: hakwenda.

Nililaza shavu juu ya meza nikaangalia nyayo zake kwa karibu. Dada, hakuwa anainua miguu! Nilikuwa nimepunguza kuinua ili asiyumbe, mpaka kuinua kwenyewe kumekwisha. Alikuwa anaburuta tu, kama mtoto aliyevaa ndara za baba yake. Miguu yake imelala kidogo, kwa hiyo mguu ukivutwa mbele unateleza juu ya nyuzi, na ukisukumwa nyuma ile ncha inanasa kwenye matundu ya ufumaji. Wiki zote zile aliyekuwa anatembea ni kitambaa cha Mama. Ndiyo maana mpira wa tairi ulimwangusha: mguu unaoburutwa ukibandikwa mpira unajikwaa.

Nilicheka peke yangu. Nilipomweleza Mama, alichukua sindano yake ya kufumia akasema, "Lete miguu niipime, namfumia soksi." Nilimbusu. Nikasema hapana Mama, huyu safari hii atatembea kwa akili yake.

Nikarekebisha sehemu ya miguu kwenye programu. Nilimwambia ainue kweli kweli, juu, mpaka mwanga uonekane chini ya unyayo. Akaanguka, bila shaka. Nikamwongezea kuegemea, zaidi ya ulivyoniambia, mpaka tumbo likaribie kugusa meza. Akawa haanguki ila anatetemeka, kwa sababu vimota vilikuwa vinaruka kutoka pembe moja hadi nyingine ghafla. Basi nikavizuia visiruke. Kila kimota kikatakiwa kwenda digrii moja moja, na vyote vianze pamoja na kumaliza pamoja. Halafu likaja lile ambalo hakuna aliyenifundisha: mwili usiende kila mguu unapokwenda. Miguu yote minne ipelekwe mbele kwanza, mmoja mmoja, mwili ukiegemea tu. Ikishafika yote, ndipo mwili mzima usukumwe mbele mara moja, nyayo zote zikiwa chini. Hapo hakuna unyayo unaoteleza, kwa sababu hakuna anayemvuta mwenzake.

Akatembea juu ya meza tupu. Akatembea kwenye saruji ya barazani. Nikampeleka kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, pale majirani wanapoanikia nguo, akapanda ule mteremko kwa miguu yake mwenyewe, na mama Ndalahwa akaokoa mashuka yake haraka.

Sasa jana. Ukumbi wa klabu ulijaa mpaka madirishani. Baba alisema hana muda wa vidude, akabaki na gazeti lake. Nestory alianza. Roboti wake wa miguu sita alikimbia, watu wakashangilia, akafika kwenye mwinuko kwa kasi ile ile akapinduka chali, miguu inapiga hewa. Wa pili alitoka nje ya ubao. Nikaitwa.

Nilimweka Senene, nikabonyeza, nikarudi nyuma. Akaegemea. Akainua. Watu wakasubiri. Mmoja akapaza sauti, "Huyu atafika Pasaka!" Ukumbi ukaangua kicheko. Nikawa nasema kwa sauti ndogo anachotakiwa kufanya, kama mtu anayesali: egemea, inua, peleka, weka. Wasichana wa sekondari waliokaa mbele walinisikia. Mmoja akaanza kuitikia, kisha wenzake, na mara nusu ya ukumbi inapiga makofi: "Egemea! Inua! Peleka! Weka!" Na miguu ikishafika yote wanaunguruma, "Twende!" na Senene anasukuma mwili wake mbele. Alipofika kwenye mwinuko hakubadilisha kitu. Akapanda kama alivyopanda jiwe letu. Kule juu mguu mmoja wa mbele ulikosa ubao, ukaning'inia, makofi yakakatika. Lakini uzito haukuwa kwenye mguu ule. Ukashuka, ukashika.

Alipovuka mstari nilikuwa nalia waziwazi, na hata Nestory alikuwa amesimama juu ya kiti anapiga makofi. Mwalimu Machibya alinipa mkono akasema, "Wasichana hawa umeanza kuwafundisha kabla ya mkataba."

Nikageuka, nikamwona Baba. Amesimama mlangoni na koti lake la Jumapili, jasho linamtoka, simu sikioni. Alikuwa anapiga kelele kushinda ukumbi: "Suzana! Dada, unanisikia? Tafuta muuzaji mwingine! Huyu haji!"

Nice


Nyumba ya Malezi, Bukoba
6 Aprili 2026, Jumatatu ya Pasaka

Mpendwa Nice,

Kristo amefufuka. Marahaba mara tatu, maana leo Sista Mlezi amenikabidhi barua zako tatu zimefungwa kwa raba. Nimeamua kuzisoma kwa tarehe zake, na kila moja kuijibu kabla ya kufungua inayofuata, ili nisije nikajifanya mwerevu wa mambo yaliyokwisha kupita. Nimekaa bustanini, juu ya ndoo.

Barua ya tarehe 15 Februari. Hongera! Nimemwona Senene kabisa juu ya meza ile. Sasa kazi iliyobaki ni ndogo: muongezee mwendo.

Barua ya tarehe 8 Machi. Mdogo wangu. Umenikataza upole, basi sikupi. Ubao unateleza, hilo ndilo tatizo. Fupisha hatua. Tafuta betri nyepesi. Ule mpira wa tairi usiutoe, ukate mwembamba zaidi. Lakini namshauri nani? Leo ni tarehe 6, mashindano yamepita, na pengine unasoma haya ukiwa kwa shangazi Suzana. Naogopa kuifungua hiyo ya tatu. Nimepalilia mstari mmoja wa kabichi kwanza. Sasa nafungua.

Nice! Nice wa Kahigwa!

Nimepiga kelele ambayo nyumba hii haijaisikia tangu ijengwe. Sista Mlezi amekuja na jembe akidhani ni nyoka. Nikampa barua, akaisoma amesimama, akairudia, akaniambia niisome kwa wote mezani. Nimeisoma. Tulipofika pale mguu unaponing'inia, dada yetu mmoja kutoka Karagwe alijifunika uso kwa aproni. Na sasa Sista Odeta hawezi kupita kwenye korido kwa amani, kwa sababu manovisi wanamfuata nyuma wakinong'ona, "Egemea, inua, peleka, weka." Yeye mwenyewe akifika mlangoni ndiye anayesema, "Twende!"

Ushauri wangu wote wa hapo juu ufute. Ungeufuata ungekuwa unapima misumari sasa hivi. Lile la mwili kwenda mwisho mimi sikulijua. Nimelifikiria nikiwa na kijiti na udongo, nimelichora, na ni sahihi kabisa, na mimi nisingelifikia.

Swali lako la pili. Ndiyo, nilimkumbuka Senene. Miezi ya kwanza nilikuwa naandika programu yake kichwani wakati wa kimya, na nikajilaumu, kisha nikaacha kujilaumu. Lakini nina furaha hapa, Nice, furaha ya kweli, na mwezi wa nane nitaweka nadhiri za kwanza. Sitashuka melini kuja kulala kitanda kile. Sikukuandikia hivi mapema kwa sababu niliona mnaningoja, wewe na Mama, na hata Senene kwenye boksi lake, na niliogopa kuwa wewe utaningoja maisha yako yote. Leo sina hofu hiyo.

Nakuagiza jambo moja. Juu kabisa ya programu, mstari wa kwanza, niliandika: "Imeandikwa na Jovitha Kahigwa." Lifute jina langu, uandike lako. Usibishe na usiniambie kwamba ni la kumbukumbu. Ni lako.

Dada yako,
Jovitha


Kiseke
19 Aprili 2026

Mpendwa dada Jovitha,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Sote wazima. Nilimsomea Mama ile sehemu ya nadhiri. Alilia kidogo, halafu akauliza mwezi wa nane tarehe ngapi, na tangu jioni ile anafuma kitambaa cheupe cha altare, hataki kuongea na mtu asije akakosea kuhesabu. Kitanda chako nimekihamia mimi, cha kwangu kilikuwa kinalia. Baba amekata tiketi za meli za watu watatu na miezi bado mingi. Ukimuuliza anasema ofisi ya meli ilikuwa njiani tu.

Kuhusu jina lako, umechelewa.

Nilikuandikia kwamba nilirekebisha sehemu ya miguu. Haikuwa sehemu. Siku ile ya meza tupu nilijaribu kuirekebisha programu yako, na kila nilipogusa mahali nikawa najiuliza wewe ungefanyaje, na wewe ulikuwa umefungiwa kabatini. Nikafuta yote, dada, mstari kwa mstari kuanzia chini, mpaka nikabaki na ule mmoja wa juu wenye jina lako. Niliukodolea macho mpaka Mama akaniuliza kama naumwa. Kisha nikaufuta, nikaandika langu, nikaanza upya kwenye kioo cheupe. Nilikuficha kwa kuogopa kukuumiza. Wakati wote uliokuwa unaniogopea kwamba nakungoja, mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka.

Jana nimefundisha kwa mara ya kwanza. Wasichana walikuja wengi kuliko viti. Nimewaambia hakuna atakayegusa kompyuta leo, simameni wote, vueni viatu, inueni mguu mmoja, mniambie uzito umekwenda wapi.

Wako,
Mwalimu Nice Kahigwa